Bunduki ya Nkambo Tshimanga

Kapata, Kolwezi
Tarehe 14 Januari 2024

Mdogo wangu Angèle,

Nakusalimu wewe, mkweo Darlène na mjukuu wako Merdi, pamoja na wote wanaokula kwako huko Mbuji-Mayi. Sisi huku bado tunapumua. Mvua imeanza tena kuingia chumba cha mbele, mahali palepale ilipokuwa inaingia wakati wa baba, nami nimeweka ndoo palepale alipoiweka baba. Goti la kushoto linanitesa. Jeanne, mke wangu, anakusalimu na anasema umekonda, ingawa hajakuona tangu matanga ya mama, mwaka 2005.

Najua hutaki sauti yangu kwenye simu. Ulisema karatasi haipigi kelele. Haya, nakuandikia karatasi, na Mama Kanyinda anayeuza samaki wa chumvi atakuletea mkononi.

Ndani ya soksi hii ya bluu kuna mtu. Usimtupe.

Tangu nistaafu kazi ya uajisteri, kukata na kulinganisha vyuma vya mashine, pale kampuni, natengeneza askari. Kusema kweli kazi yenyewe ni kuwageuza. Marobota ya mitumba yanapofunguliwa sokoni Manika, chini kabisa hubaki vitu vya kuchezea vya watoto wa Ulaya, na kati yake mna askari wa plastiki wenye urefu wa kidole changu cha mwisho. Wanakuja na mabuti, kofia za chuma na hasira isiyo na sababu. Nawakata kwa wembe, nawavua mabuti, nawachongea vidole vya miguu kwa sindano niliyoichomeka kwenye kalamu ya biki, nawavisha kofia nyekundu zenye shada, na hapo wanakuwa jeshi la mwaka 1916, lile lililotoka Kongo kwenda kuwapiga Wajerumani huko Tabora. Kila Jumamosi tunapigana vita hivyo upya, kwa dadu, juu ya mlango wa zamani uliolazwa juu ya mapipa mawili. Tuko wazee watatu: mimi, tata Godefroid aliyekuwa mpima ardhi, na tata Ntambwe aliyekuwa muuguzi. Ntambwe ndiye Wajerumani, kwa sababu hana babu aliyekuwepo vitani. Mimi ni kanali, kwa sababu ya nkambo wetu Tshimanga, baba yake mama.

Sasa sikiliza. Tarehe 19 mwezi wa tisa tutaonyesha meza yetu katika ukumbi wa parokia, Manika, watu wote watakuja, na kila babu atawekewa karatasi yenye jina lake. Godefroid ametunga sheria mpya. Kila familia ilete ushahidi kwamba babu yake alikuwepo na alionekana hivi na hivi. Yeye ushahidi anao: ngao ya bati ambayo babu yake, sajini Muamba, alizuia nayo risasi za Wajerumani. Imetundikwa sebuleni kwake juu ya televisheni. Haina hata alama moja ya risasi, na Godefroid anasema hiyo ndiyo inaonyesha ilikuwa ngao nzuri.

Mimi sina kitu. Vitu vya mama viko kwako: rozari yenye kile kifunguo kisichofungua kitu, na lile beseni la kuogea uliloondoka nalo juu ya lori wakati watu bado wanakula matanga. Sirudi huko.

Nakuomba jambo moja tu. Mama alikuwa anakusimulia wewe mambo ya nkambo, si mimi. Mtazame huyu niliyemtengeneza, kisha uandike: bunduki alishika mkono gani? Godefroid ameniambia mbele ya Ntambwe: "Tata Lukusa, bila preuve, nkambo yako anashuka ku meza. Njo règlement." Ndiyo sheria yake. Akishuka yeye, nashuka na mimi. Nina miaka sabini na mbili, Angèle. Ukiondoa kuwa kaka yako, sina cheo kingine.

Yaya wako,
Lukusa


Mbuji-Mayi
Tarehe 3 Machi 2024

Yaya Lukusa,

Salamu zako zimefika zimechoka. Mama Kanyinda anasema treni ililala Kamina siku kumi na moja, na samaki wake wakaanza kuwa na maoni yao. Huku tuko wazima. Darlène anafundisha darasa la tatu na sauti hiyo anarudi nayo nyumbani. Merdi ana miaka miwili na meno kumi na sita, na anayatumia yote. Mmomonyoko umemeza choo cha jirani yetu. Sasa anaomba kwetu, na sisi tunamkaribisha. Nakuandikia Kiswahili kama tulivyozoea Kapata, na pia kwa sababu mawifi zangu hawakisomi.

Mtu wako nimempokea. Ni mzuri sana, yaya. Umempa pua ya mama. Sijui mtu anaichongaje pua hiyo kwa sindano. Nimemweka kabatini kati ya vikombe na nimemtazama siku mbili nzima.

Ila amefika bila bunduki. Mama Kanyinda anasema kwenye kizuizi cha barabara walifungua soksi. "Banasema bunduki ni bunduki, hata kama iko kadogo." Wakaichukua. Pole kwa kazi yako.

Uliuliza habari za mkono. Nkambo alikuwa na mikono miwili, yote mizuri, mama aliisifu sana. Ule mparachichi nyuma ya nyumba bado unazaa? Nakurudishia mtu wako ndani ya soksi yake.

Mdogo wako,
Angèle


Kapata, Kolwezi
Tarehe 24 Machi 2024

Mdogo wangu Angèle,

Nakushukuru kwa habari za jirani na choo. Mparachichi unazaa. Jeanne ameshtakiwa kwenye kwaya kwa kuimba haraka. Mimi na goti tunaendelea.

Nimemtengenezea bunduki ya pili, bora kuliko ile. Nimechukua waya wa shaba ndani ya mota iliyoungua, nikaugonga kwa nyundo hadi ukawa bapa upande wa kitako. Mkanda nimeukata kwenye mrija wa dawa ya meno. Vidole vinavyoishika nimevifinyanga kwa ile mastiki ya mirija miwili ambayo mafundi wa magari wanazibia rejeta. Ukishaichanganya una dakika arobaini, kisha inakuwa jiwe. Unailowesha sindano kwa mate ili isinate, unaacha kupumua, na unatengeneza kucha. Jeanne alisimama mlangoni akasema: "Unaongea na ule mutu wa plastique kuliko unaongea na mi." Dakika zilikuwa zimebaki nne.

Nimemwongezea pia medali, ndogo kuliko punje ya mtama. Najua hukuniambia kama alikuwa nayo. Hukuniambia pia kwamba hakuwa nayo.

Godefroid ameanza kuweka sajini Muamba wake mbele ya nkambo kila anapopanga meza. Namrudisha nyuma. Anamsogeza tena. Jumamosi iliyopita tulitumia saa nzima hivyo, na Ntambwe na Wajerumani wake walituacha wakaenda kunywa chai.

Mkono wa kulia au wa kushoto? Neno moja linatosha.

Lukusa


Mbuji-Mayi
Tarehe 12 Mei 2024

Yaya Lukusa,

Pasaka tulikuwa wazima wote. Darlène ameshona nguo, haimtoshi, tumesema imemtosha. Mwambie Jeanne aimbe polepole.

Nakurudishia nkambo na aibu yangu pamoja naye. Kizuizini alipita salama safari hii, akafika na bunduki yake na medali yake. Halafu nikageuka kidogo kuangalia maharagwe, na Merdi akamtafuna. Bunduki imekwenda. Medali imekwenda. Na ile kofia nyekundu pia. Tumemchunguza mtoto siku tatu, hakuna kilichotoka.

Lakini nimemwangalia sana akiwa hivi, kichwa wazi, mikono mitupu. Anapendeza kiasi chake. Labda umwache apumzike hivyo.

Mafuta ya mawese ya huku ni mazuri mwaka huu. Nakutumia chupa.

Angèle


Kapata, Kolwezi
Tarehe 2 Juni 2024

Angèle,

Sisi wazima. Mafuta yamefika, asante.

Nilikuwa ajisteri miaka thelathini na minne. Nimekata chuma, shaba, na kidole changu mwenyewe mara moja. Meno ya mtoto yanaponda, hayakati. Kipande cha bunduki kilichobaki mkononi mwake kimekatwa kwa mkato mmoja safi, na pembeni kuna mbinuko mdogo wa mviringo. Hiyo ni mashine ya kukatia kucha. Kofia imetolewa kwa kisu chenye meno, kile cha mkate. Medali imebanduliwa kwa subira, kwa ncha ya sindano, bila kukwaruza kifua. Merdi hana subira hiyo.

Nadhani pia kule kizuizini hawakumvua mtu bunduki. Nimemuuliza Mama Kanyinda. Ameangalia samaki wake, akaanza kuwahesabu.

Ni wewe. Unamnyang'anya babu yetu silaha kipande kwa kipande, huku unaniuliza habari za parachichi. Kwanza beseni, sasa bunduki. Nataka kujua kwa nini, na nataka kujua kabla ya mwezi wa tisa.

Lukusa


Mbuji-Mayi
Tarehe 30 Juni 2024

Yaya wangu,

Leo sina habari za watu wa nyumbani. Wako wazima, wamelala mchana, nami niko mezani na mashine yangu ya kucha.

Hakushika bunduki mkono wa kulia wala wa kushoto. Nkambo Tshimanga hakuwa askari. Alikuwa mpagazi. Alibeba beseni la kuogea la kapiteni.

Mama alinisimulia hivi. Kapiteni alikuwa Mbelgiji mwenye ndevu, na kila jioni, hata katikati ya pori, ilikuwa lazima aoge maji ya moto ndani ya beseni lake la bati. Nkambo alilibeba kutoka ziwani hadi karibu kabisa na Tabora. Zikiwa zimebaki siku mbili wafike, jeshi likatangulia, wapagazi wakaambiwa wangoje. Nkambo alilitazama beseni, akaitazama barabara ya mbele, akaitazama barabara ya nyuma. Akageuka, akaondoka nalo. Kila kituo cha jeshi alichopita walimuuliza anakwenda wapi, naye alijibu neno moja: "Beseni ya kapiteni inavuja, inaenda kwa fundi." Nani angethubutu kuzuia beseni la kapiteni? Alivuka ziwa nalo. Alifika kwao Kasai nalo. Vita vya Tabora vilipiganwa yeye akiwa njiani, na kapiteni aliingia mjini bila kuoga.

Beseni lenyewe unalijua. Wewe na mimi tumeogeshwa ndani yake. Mama alikuwa anasema, "Beseni hii inatembea kupita baba yenu," nasi tulicheka bila kujua tunacheka nini.

Sasa utaniuliza kwa nini sikukuambia. Unakumbuka ulivyovunjwa jino shuleni? Ulikuwa na miaka tisa, mtoto mmoja alisema nkambo wako hakuwa askari, ukampiga, naye akakupiga zaidi. Ulirudi na jino mkononi, unasema, "Nkambo yangu alikuwa askari." Usiku huo mama aliniapisha. Aliniambia: "Weye unaweza kuishi na mupagazi. Lukusa anahitaji askari. Muache na askari yake." Na alipokuwa anakufa aliniambia nilichukue beseni, kwa sababu wewe ni fundi, ungegonga bati, ungesoma alama, ungeuliza maswali. Ndiyo maana niliondoka nalo. Uliniita mwizi mbele ya watu wanaokula, nami nikapanda lori, nikakaa kimya miaka kumi na tisa ili wewe ubaki na askari wako.

Nimechoka kukata bunduki, yaya. Kila moja ilikuwa nzuri kuliko iliyotangulia.

Angèle


Kapata, Kolwezi
Tarehe 21 Julai 2024

Mdogo wangu Angèle,

Salamu kwa wote. Baridi ya mwezi huu ni kali, vumbi la taka za mgodi za Kingamyambo linaingia hadi ndani ya sukari.

Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikaisoma nimekaa. Siku mbili sikugusa sindano. Siku ya tatu nilikasirika nikamfanyia bunduki ya tatu, na nilipotaka kuiunganisha mkono ulikataa. Nasema kama ilivyokuwa: mkono ulikataa. Nililia kidogo, na Jeanne alinikuta. Nikamwambia ni mastiki.

Basi nikaanza upya. Nimemvua mkanda na sare. Nimemfunga kitambaa kiunoni. Mabega nimeyaongeza nyama, maana mtu wa kubeba hana mabega ya kanali. Beseni nimelikata kwenye kopo la nyanya, kwa kipimo cha moja kwa thelathini na mbili, kama nilivyolikumbuka nilipokuwa nalala ndani yake na miguu ikigusa mwisho. Nikambandikia kichwani.

Anaanguka. Nimemwekea uzito kwenye miguu, anaanguka. Nimeinamisha mgongo wake, anaanguka kifudifudi. Nimejaribu mara saba. Halafu nikakumbuka zile pete mbili za ubavuni mwa beseni, tulizokuwa tunazishika tukijifanya madereva. Angèle, pete zile si za kushika. Ni za kupitishia mti, na mti huo una ncha mbili, na chini ya kila ncha kuna bega. Mtu mmoja hawezi kulibeba beseni lile kutoka ziwani hadi Tabora. Walikuwa wawili. Mama hakumtaja mwenzake?

Kwenye chama chetu cha Jumamosi bado sijasema neno. Nikisema, nkambo anashuka mezani, nami naondolewa ukanali mbele ya parokia nzima. Nikinyamaza, nitakuwa nasimama karibu na karatasi yenye uongo, na nitakuwa najua. Nipe vipimo vya beseni, urefu, upana, kina. Hilo ndilo ninaloweza kushika sasa.

Kuhusu lile neno nililolisema kwenye matanga, nilitaka kuandika kitu, lakini karatasi imekwi


Mbuji-Mayi
Tarehe 11 Agosti 2024

Yaya Lukusa,

Karatasi yako imekwisha mahali pazuri sana. Nakupa muda ununue nyingine.

Mwenzake mama hakumtaja. Vipimo sikupi, maana utasema nimekosea. Nakutumia beseni lenyewe, Mama Kanyinda ameshalifunga kamba. Kwenye mdomo wake utaona kitu fulani cha chuma kinachoingia na kutoka. Sijawahi kujua ni cha nini. Pima mwenyewe, kisha uwaambie wenzako au usiwaambie. Mimi nimemaliza kukulinda, nimezeeka kwa kazi hiyo.

Usiniulize kama nitakuja. Beseni linatosha.

Angèle


Kapata, Kolwezi
Tarehe 22 Septemba 2024

Mdogo wangu Angèle,

Salamu zote zile za kawaida, na tatu zaidi. Nina karatasi nane safari hii.

Beseni lilifika tarehe 12 juu ya lori, na Mama Kanyinda alikuwa amekaa ndani yake tangu Lubumbashi, ameshika zile pete. Nilipofungua kamba niliingia ndani, magoti kwenye kidevu. Jeanne aliwaita majirani. Sikutoka.

Jumamosi nikawaita Godefroid na Ntambwe, nikawaambia yote: hakuna bunduki, hakuna medali, hakuna Tabora. Nilimshika nkambo mkononi, nikangoja kuambiwa anashuka mezani. Godefroid alilizunguka beseni mara mbili. Aliingiza kidole kwenye kile chuma cha mdomoni, kikaingia na kutoka. Kisha akaondoka bila kofia yake. Ntambwe akasema, "Njo anaenda kuleta règlement."

Baada ya nusu saa nikamwona anarudi na ile ngao ya sajini Muamba juu ya kichwa. Hakunitazama. Aliiweka juu ya beseni, ikakaa. Nasema kama ajisteri: haikubaki nafasi ya kupitisha unywele. Bawaba ziliingia mahali pake kama jana tu zilitoka. Ngao ilikuwa kifuniko.

Godefroid alikaa chini kwenye ndoo. "Tangu niko mutoto minaona ile charnière," akasema, kidole kwenye bawaba. "Ngao yenye charnière njo bouclier gani? Nilijuaka, Lukusa. Nilijuaka na nikanyamaza." Halafu akatusimulia kwamba babu yake, hata akiwa mzee sana, ukimuuliza anakwenda wapi na hataki kukuambia, alijibu, "Inavuja, tunapeleka kwa fundi." Familia nzima husema hivyo mpaka leo, na hakuna aliyejua kinachovuja ni kitu gani. Tulicheka mpaka goti langu likauma. Babu zetu walirudi wote wawili hadi Kasai, mmoja akachukua beseni, mwingine kifuniko, na wajukuu wao wakakutana Kapata wakagombana nani asimame mbele.

Siku iliyofuata nilimkata sajini Muamba utepe wake na bunduki yake. Godefroid mwenyewe alimshika miguu. Ntambwe alilalamika sana: "Sasa mi napigana na nani? Baadui bangu bote banakuwa bapagazi!" Nilipitisha ufito wa fagio kwenye pete za kopo la nyanya, ncha moja bega la nkambo, ncha nyingine bega la Muamba. Walisimama. Kwa mara ya kwanza, mdogo wangu, hakuna kilichoanguka. Nikawapaka rangi ya mafuta, nikawaweka dirishani ikauke.

Sasa usicheke. Jumatano tulitaka kupeleka jeshi Manika. Tuna askari mia moja na kumi na wawili, pamoja na Wajerumani, mizinga na vichaka. Godefroid akasema tuwalaze ndani ya beseni, kwenye unga wa mbao, halafu tuweke kifuniko kuzuia vumbi. Tukaweka. Kile chuma kikasema ka! Beseni likajifunga. Ni beseni la safari, lina kufuli ndani ya mdomo, na ufunguo hatuna.

Kwa hiyo Alhamisi, mbele ya parokia nzima, mlango wetu, ile meza ya vita, ulikuwa mtupu. Milima ya Tabora ilikuwepo, mto ulikuwepo, na katikati walikuwa watu wawili tu, wale waliokauka dirishani, wanabeba kopo la nyanya na wameupa mji mgongo. Wawili ambao hawakufika vitani ndio pekee waliofika. Pembeni lilikuwa beseni lenyewe, limefungwa. Padri akauliza vita viko wapi. Godefroid akasimama, akajibu kwa sauti ya kwaya: "Mon père, bataille iko ndani. Hawa babili njo banabeba." Padri akakubali. Watu walipanga mstari. Mama mmoja mzee alisema babu yake alibeba kinanda cha misa, mwingine alisema wake alibeba kuku wa meja, na kabla ya saa sita hapakuwa tena na mtu mwenye babu sajini ndani ya ukumbi ule. Mimi si kanali tena. Hakuna aliyebaki kuwa kanali. Nililala vizuri.

Sasa karatasi ya saba. Nilikuita mwizi kwenye matanga ya mama yetu, mbele ya watu, na chakula kikiwa mdomoni mwao. Ulikuwa umebeba kitu kwa ajili yangu na ukakibeba peke yako. Nilikosea, Angèle. Nakuomba unisamehe. Nimeiandika hii kwa mkono uleule ninaochongea kucha, na ilikuwa ngumu zaidi.

Beseni liko hapa chumba cha mbele. Naweza kulifungua kwa dakika tano kwa bisibisi na nyundo. Godefroid naye anaweza. Kila jioni anakuja kuangalia kama nimelifungua, nami kila jioni namkuta anaangalia kufuli kwa huruma. Hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kulivunja. Ntambwe anasema Wajerumani wake wanakosa hewa. Nifanye nini?

Yaya wako,
Lukusa


Mbuji-Mayi
Tarehe 6 Oktoba 2024

Yaya wangu Lukusa,

Huku wote wazima. Barua yako nimemsomea Darlène, nikimgeuzia maneno kwa lugha ya huku, mpaka karatasi ya sita. Ya saba nimeisoma peke yangu, nimeikunja, iko ndani ya misale. Nimekusamehe. Nilitaka tu uandike.

Weka chini hiyo bisibisi. Kile kifunguo kisichofungua kitu kiko hapa shingoni, kwenye rozari ya mama. Kina meno mawili na kimeandikwa nambari saba. Geuza beseni, tazama chini yake, kama hakuna saba pale mimi si mtoto wa mama yangu.

Mama Kanyinda ameniomba akuletee. Nimemkatalia. Kifunguo hiki hakiwekwi ndani ya soksi. Naondoka nacho mwenyewe kwa treni ya tarehe 17, na Jeanne ataona kama nimekonda. Nitalala chumba cha mbele, karibu na beseni, kwa hiyo toa ile ndoo uzibe paa.

Njiani wakiniuliza mama mzee huyu anakwenda wapi, jibu ninalo. Beseni ya kapiteni inavuja, naenda kwa fundi.

Mdogo wako,
Angèle